Vijana Wanasoma Pakiti, Ni Jedwali Ndio Halisomeki

Kuna lawama inarudiwa sana kwa redio za asubuhi na kwa semina za afya, ati vijana wa sai hawaangalii kile wanakula. Mimi siikubali. Enda usimame stage ya matatu za Njoro hapa Nakuru jioni, wakati wanafunzi wanarudi upande wa chuo kikuu cha Egerton, uangalie vile kijana wa miaka ishirini hivi ananunua krispi kupitia dirisha la gari. Muuzaji anainua boksi, kijana anachomoa pakiti, anaigeuza, macho yanaenda moja kwa moja kwa tarehe ya kuekspaya, anaifinya kidogo asikie kama hewa bado iko ndani, anatafuta alama ya KEBS, lile shirika la viwango vya bidhaa, anauliza bei, anauliza kama kuna ya pilipili, ndio sasa anatoa pesa, na haya yote yameisha kabla konda hajagonga bodi ya gari. Huyo ni msomaji kabisa, anajua anatafuta nini na kiko upande gani wa pakiti. Kitu hajaangalia ni lile jedwali dogo la virutubishi limefichwa nyuma karibu na mshono, na hapo ndio swali langu liko, kwa nini hilo pekee ndilo linarukwa?

Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba kila kitu anachosoma kinamwezesha kuamua papo hapo, na jedwali halimwezeshi. Tarehe ikiwa imepita anarudisha. Pakiti ikiwa laini anajua krispi zimelowa. Alama ya KEBS ikikosa anashuku ni feki, na hata akitaka kuhakikisha anaweza kutuma ile namba ya kibali iko chini ya alama kwa SMS kwenda 20023 aone kama bidhaa inajulikana. Bei inaeleweka bila maelezo. Alafu anafika kwa jedwali anakuta sodiamu miligramu 650 kwa gramu 100, sasa hapo afanye nini? Hiyo ni nyingi ama ni kidogo? Ukilinganisha na nini? Na gramu 100 ni ngapi kwa hii pakiti ameshika? Hakuna mtu mwenye akili timamu atasimama stage akifanya hesabu za namna hiyo na gari inajaa, na sidhani hata wale walioandika jedwali hufanya hizo hesabu wakiwa dukani.

Watu husema basi wafundishwe. Sawa, lakini kwanza tukubali wamefundishwa mengi. Karibu kila mtu aliyepitia sekondari Kenya alisoma lishe kwa Biolojia tangu Form One, akaingia maabara akachanganya chakula na Benedict's, ile dawa ya kupima sukari, akachemsha mpaka ile buluu ikawa kijani, ikawa njano, ikaishia rangi ya machungwa, akatia ayodini kwa wanga ikawa nyeusi. Kwa Kemia akaandika sodiamu na klorini mpaka akachoka. Hao vijana wanajua sukari ni nini na chumvi imeundwa na nini. Kile hawakufundishwa ni kiasi. Maabara ilikuwa inauliza kama sukari iko au haiko, na jibu ni ndio ama la, lakini pakiti ya biskuti inataka ujue iko kiasi gani na hicho kiasi kinafaa kuishia wapi kwa siku, na hilo swali silikumbuki kwa mtihani wowote. Home Science ndio iligusa kidogo mambo ya kupanga mlo, lakini ni somo la kuchagua na vijana wengi wa kiume hawakulichagua.

Wacha tuchukue pakiti moja tuisome pamoja, pole pole. Ni krispi za viazi, gramu 150, ile saizi watu hununua wakiangalia mechi. Namba zake ni za kawaida tu kwa krispi. Safu ya kwanza ya jedwali inasema kwa kila gramu 100 kuna kalori 530, mafuta gramu 34, sodiamu miligramu 650. Safu ya pili inasema kwa kila sevingi, yaani kiasi cha kula mara moja, na sevingi wameiandika gramu 30, kwa hivyo hapo unakuta kalori 159, mafuta gramu 10 na kitu, sodiamu miligramu 195. Ukiangalia hiyo safu ya pili unaona mambo ni madogo madogo, hakuna shida. Lakini gramu 30 ni kiganja kimoja cha mkono. Pakiti nzima ni sevingi tano, na mimi sijawahi kuona mtu akila kiganja kimoja akakunja pakiti akaiweka kwa droo mpaka kesho. Ile pakiti nzima, ambayo haijaandikwa mahali popote kwa jedwali, ina kalori karibu 800, mafuta gramu 51 ambayo ni kama vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya kupikia, na sodiamu miligramu 975.

Hiyo sodiamu sasa ndio inachezea watu zaidi, kwa sababu hakuna mtu hula sodiamu. Tunakula chumvi. Kujua chumvi ni kiasi gani lazima uzidishe sodiamu kwa 2.5, kwa hivyo miligramu 975 inakuwa karibu gramu mbili na nusu za chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akae chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Kwa hivyo pakiti moja umemaliza nusu ya siku na bado hujagusa ugali, hujala sukuma yenye imewekwa chumvi na kimchuzi cha kuongeza ladha, hujala mkate, na mkate nao una chumvi zake hata kama ulimi hausikii. Ona vile msomaji ametembezwa, kwanza atoke gramu 30 afike gramu 150, alafu atoke sodiamu afike chumvi, alafu atoke miligramu afike gramu, alafu akumbuke kikomo cha siku ambacho hakijaandikwa pale. Hatua nne kwa swali moja. Mtu akikosa hiyo safari usimwambie hajali afya yake.

Na si jambo la wazee hili. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Kenya 2015, ule unaitwa STEPS, ulipata karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa maishani. Presha haiuma. Kijana wa miaka 24 anaweza kukaa nayo miaka na akacheza mpira kila Jumapili pale uwanjani bila kujua chochote, kwa hivyo mwili hautampa habari ambayo pakiti imemnyima.

Sasa nirudi kwa vijana wenyewe kwa sababu kuna kundi husoma jedwali, na vile wanalisoma inafaa kuangaliwa kwa makini. Wanasoma namba moja. Wale wa gym wanatafuta protini, ukiwaonyesha kitu chochote swali ni protini ngapi hapo. Wale wanataka kupunguza uzito wanatafuta kalori. Wale wana mzazi au shosho ana kisukari wanatafuta sukari. Kila mtu ameshika namba yake moja, na zile zingine kumi ni kama hazijaandikwa. Hii si ujinga, ni njia ya kawaida mtu hutumia akipewa habari nyingi kuliko muda alionao, lakini watengenezaji wameigundua na wanaitumia, ndio maana siku hizi kila kitu mbele kimeandikwa protini.

Hapo kwa protini nikae kidogo. Viwango vya Codex, ile tume ya pamoja ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na WHO, hilo Shirika la Afya Duniani, ambayo nchi nyingi hufuata kwa mambo ya chakula, vinaruhusu kitu kikavu kiitwe chanzo cha protini kikifika asilimia 10 ya mahitaji ya siku kwa gramu 100, na mahitaji ya siku kwa hesabu yao ni gramu 50, kwa hivyo gramu 5 zinatosha. Unga wa ngano peke yake una karibu gramu 10. Biskuti ya kawaida, bila mtu kuongeza chochote cha maana, inaweza kufika gramu 6 au 7 na ikapita. Kwa hivyo unaweza kununua biskuti ya protini, pakiti ya gramu 50, ukapata protini gramu tatu na nusu pamoja na sukari gramu 12, wakati pale nje kuna mtu anauza mayai ya kuchemsha na kachumbari, yai moja protini gramu 6, sukari karibu hakuna. Yai halina lebo. Halina mtu wa kulitangazia kwa bango. Kijana wa gym anaacha yai ananunua biskuti kwa sababu biskuti imeandikwa na yai halijaandikwa, na hilo linaniuma kwa kweli, kwa sababu ni mtu alikuwa anajaribu kufanya vizuri na pesa yake.

Maneno ya mbele ya pakiti yote yanafaa kuchukuliwa hivyo. Utakuta krispi au mafuta ya kupikia yameandikwa hayana kolesteroli, na ni ukweli, ila kolesteroli hutoka kwa wanyama, mafuta ya mimea hayajawahi kuwa nayo, ni sawa na kuandika kwa maji ya chupa kwamba hayana mifupa. Hiyo haimaanishi mafuta ni kidogo, tumeona ni gramu 34 kwa 100. Biskuti za glukosi zimepewa heshima ya dawa kabisa, mtu akiwa mgonjwa anapelekewa, mtoto akianza kula anapewa na chai, na glukosi ni sukari. Halafu kuna neno asili, kuna picha ya shamba, kuna picha ya embe limekatwa kwa juisi ambayo ukienda kwa orodha ya viungo unapata maji ni ya kwanza na sukari ni ya pili. Na hiyo orodha ya viungo, kusema ukweli, ndio sehemu ya pakiti ningeomba kijana asome kama ana sekunde tano tu, kwa sababu haina hesabu. Kanuni yake ni moja, kile kimewekwa kwa wingi zaidi kinaandikwa kwanza, alafu kinachofuata, mpaka mwisho. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili ushajua unakula nini. Kitu cha kuangalia tu ni kwamba sukari inaweza kuvunjwa majina matatu manne, glukosi, fruktosi, sharubati ya mahindi, dekstrosi, kila moja ikapata nafasi ya chini kwa orodha ingawa zikijumlishwa zingekuwa juu.

Kwa vinywaji mambo ni rahisi kidogo kwa sababu watu wanakubali soda ni sukari, ila hawajui kiasi. Soda nyingi za kola zina karibu gramu 10 au 11 kwa mililita 100, chupa ya nusu lita basi ni gramu 50 na kitu. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Gawanya, unapata vijiko kumi na viwili, kumi na vitatu. WHO inasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na wanasema ukiweza kushuka nusu ya hiyo ni bora zaidi. Hesabu ya kugawanya kwa nne ndio moja nimeona vijana wakiishika haraka sana ukiwaonyesha, kwa sababu kijiko wanakijua, hakuna mtu hapa hajawahi kutia sukari kwa chai. Yogati za kunywa ndio zinachanganya, maana maziwa yana sukari yake ya asili kama gramu 5 kwa mililita 100 na jedwali linaijumlisha na ile ya kuongezwa, kwa hivyo ukiona 13 jua kama 8 zimetiwa na mtu.

Kuna mambo mawili ambayo wale wanaozungumzia lebo huwa hawafiki, na ni kwa sababu wanafikiria mtu anayenunua supamaketi na kikapu.

La kwanza ni kadogo, yaani kuuza na kununua kidogo kidogo. Sehemu kubwa ya vitafunio vinavyoliwa mitaa ya Kaptembwa, Rhonda, Free Area, hata pale nje ya geti za vyuo, vinaliwa vikiwa vimeachana na lebo yake. Smokie, ile soseji ya toroli, ikifika mkononi mwako imepasuliwa imejazwa kachumbari, pakiti yake yenye jedwali ilitupwa asubuhi. Biskuti inauzwa mbili mbili. Keki inakatwa vipande. Mtu anakula chakula cha kiwandani, chenye chumvi na mafuta ya kiwandani, lakini yeye kama mlaji hajawahi kukutana na hiyo karatasi, aliyekutana nayo ni muuzaji wa toroli ambaye yeye anataka kujua tu zimebaki ngapi. Kwa hivyo hata tukiwa na jedwali zuri kushinda zote duniani, huyo mlaji halimfikii kama habari imewekwa nyuma ya boksi peke yake.

Na kuna krispi za nailoni, hizi zetu. Nakuru iko karibu na viazi, Molo, Njoro, Mau Narok, Kuresoi, na watu wengi wamejiajiri kukaanga nyumbani, viazi aina ya Shangi zikienda kwa chipsi na aina ya Dutch Robijn zikitafutwa na wakaangaji wa krispi kwa sababu haziungui rangi haraka, alafu zinatiwa kwa nailoni angavu, mdomo unafungwa kwa mshumaa, zinapelekwa kioski. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna jedwali. Kisheria chakula chochote kilichofungwa kabla ya kuuzwa kinafaa kuwa na lebo, lakini mimi sitaki kuona askari wa kaunti wakimwaga krispi za mama barabarani ati ndio wanalinda afya yangu. Huyo mama akipewa stika moja rahisi, jina lake, siku amekaanga, viazi, mafuta, chumvi, amenifanyia zaidi kuliko jedwali la mistari kumi na mbili. Na ajabu ni kwamba krispi zake mara nyingi ndio mteja anaweza kuomba zisitiwe chumvi nyingi na akasikilizwa.

La pili ni njaa. Hili ndilo huniudhi zaidi kwa mahubiri ya lishe, kwamba yanachukulia msomaji wa lebo ni mtu aliyeshiba anayeogopa kunenepa. Chukua mwanafunzi ana shilingi 50 ya mwisho mpaka HELB, ule mkopo wa masomo, iingie, hajala tangu jana usiku, ameshika pakiti mbili. Moja ina kalori 250, nyingine 480. Kwake ile ya 480 ndio dili. Amesoma lebo, ameelewa, ametumia, na amechagua kile hasa yule mtaalamu alitaka akiache. Huwezi kusema amekosea, kwa pesa yake amenunua nguvu nyingi zaidi. Kwa hivyo namba ya kalori peke yake, hata ikiandikwa kubwa kama ya matatu, haiwezi kuwa ujumbe wa afya kwa vijana wetu, kwa sababu kwa mmoja inasomeka kama onyo na kwa mwingine inasomeka kama punguzo la bei. Chumvi na sukari hazina huo utata, njaa haishibi kwa chumvi. Kama tunatafuta kitu cha kuweka mbele ya pakiti, ni hizo mbili na mafuta mabaya ya kuganda, si kalori. Na kando ya lebo lazima kuwe na kitu cha kununua badala yake, njugu karanga, ndizi, yai, viazi vitamu vya kuchemsha, kwa ile ile shilingi 50 na pale pale stage, la sivyo tunampa mtu habari ambayo hana pa kuipeleka.

Chile walifika hapa kabla yetu. Sheria yao ilianza kutumika Juni 2016, kila pakiti iliyopita kiwango cha sukari, sodiamu, mafuta ya kuganda au kalori inabandikwa mbele alama nyeusi ya pembe nane kama ile ya barabarani ya kusimamisha gari, na ndani yake maneno mawili matatu tu kwamba kitu fulani ni kingi humu. Bidhaa yenye hiyo alama haiuzwi shuleni na haitangazwi kwa watoto, na vibonzo vilitolewa kwa pakiti. Watafiti waliofuatilia manunuzi walipata vinywaji vyenye alama vilinunuliwa karibu robo chini ya vile ingetarajiwa katika mwaka wa kwanza na nusu hivi, na makampuni mengi yakapunguza sukari na sodiamu kwa bidhaa zao kabla hata ya kubandikwa. Mexico wakafuata 2020 na alama kama hizo. Kile napenda kwa huo mfumo ni kwamba zile hatua nne za hesabu nimeeleza juu zimehamishwa kutoka kwa mnunuzi wa stage zikapelekwa kwa mtengenezaji, ambaye ana maabara, ana mhasibu, na ana muda. Na unafaa hata kwa toroli ya smokie, maana alama inaweza kuchorwa kwa toroli yenyewe, huwezi kuchora jedwali.

Kuna wale watasema hii itaua kazi, haswa huku kwetu viazi vinalisha familia nyingi. Nimelifikiria hili na sioni vile linasimama. Kiazi kikitoka shambani kina sodiamu chini ya miligramu 10 kwa gramu 100. Hata ukikikaanga maji yakaisha kikajikusanya mara tatu nne, bado hujafika 40. Ile 650 tumesoma kwa pakiti karibu yote ni mkono wa mtu umeinyunyizia, si mkulima wa Molo. Punguza chumvi, kiazi kinabaki kile kile na gunia linauzwa bei ile ile. Na wale wanasema elimu kwanza, alama baadaye, wangetuonyesha ni miaka mingapi hiyo elimu inahitaji, kwa sababu jedwali la nyuma liko kwa pakiti zetu muda mrefu na tumeona vile linarukwa.

Wizara ya Afya na watafiti hapa Kenya wamefanya kazi ya kutengeneza vigezo vya kitaifa vya kusema chakula gani kina sukari, chumvi na mafuta kupita kiasi, ili viwe msingi wa alama za mbele ya pakiti. Hiyo ni kazi nzuri na inafaa kusukumwa, na Katiba iko upande wetu, Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Nafasi ya kutoa maoni ikifika Nakuru, na kanuni kama hizi lazima ziletwe kwa wananchi kabla hazijapitishwa, mimi nitapeleka mambo haya. Safu ya tatu kwa jedwali, ya pakiti nzima, kwa kila pakiti ambayo mtu mmoja anaweza kuimaliza kwa kukaa chini mara moja. Chumvi iandikwe chumvi, kwa gramu. Alama ya mbele iwe kwa Kiswahili, kubwa ya kuonekana kupitia dirisha la matatu, na iseme chumvi nyingi, sukari nyingi, mafuta mengi, bila namba. Muuzaji wa kupima na kukata apewe hiyo alama na kiwanda akinunua boksi, aibandike kwa toroli au kwa chupa ya biskuti. Na neno protini, au nguvu, au bila kolesteroli, lisiruhusiwe kuandikwa mbele ya pakiti ambayo pia ina alama ya onyo. Hilo la mwisho ndilo litapigwa vita zaidi, kwa hivyo vijana wa vyuo mkija siku hiyo, na muje wengi, bebeni pakiti zenyewe mkononi mziweke pale mezani mbele ya maafisa wasome hilo jedwali kwa sauti.